Mchoro Huria Hautoshi: Nairobi na Vifaa vya Kusoma Ubongo

Mwanafunzi wa uhandisi aliye Nairobi leo anaweza, kabla ya kulala, kupakua michoro yote ya kifaa cha kusoma mawimbi ya ubongo: sakiti, orodha ya vipuri, programu inayoendesha bodi, hata umbo la kofia ya plastiki inayochapishwa kwa printa ya 3D. Hakuna atakayemdai malipo wala barua ya utambulisho. Hayo ndiyo maunzi huria, na wengi wetu tunaofuatilia sayansi nchini tumeyapokea kwa shangwe. Hata hivyo, shangwe hiyo imetufanya tuchanganye mambo mawili, yaani kupata mchoro na kupata kifaa ambacho mtafiti wa magonjwa ya neva anaweza kukiamini. Katikati yake kuna kazi ndefu, ya kuchosha, isiyopigwa picha na waandishi wa habari, na hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ndiyo inayostahili kugharimiwa kwanza na fedha za utafiti za Kenya.

Kiolesura cha ubongo na kompyuta ni mfumo unaonasa ishara za umeme za ubongo, kuzichambua na kuzigeuza kuwa kipimo au amri. Msingi wake ni wa siku nyingi. Hans Berger, daktari wa mji wa Jena nchini Ujerumani, alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka wa 1924 na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1929; mwaka wa 1973, Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akaeleza jinsi mawimbi hayo yanavyoweza kutumiwa kuwasiliana na kompyuta. Kilichobadilika karibuni ni bei na umiliki. Kampuni ya Texas Instruments iliunda chipu iitwayo ADS1299, yenye njia nane za kurekodi, inayokuza ishara na kuzigeuza kuwa tarakimu za biti 24, huku kelele yake ya ndani ikiwa takriban mikrovolti moja tu. Joel Murphy na Conor Russomanno waliitumia chipu hiyo kuanzisha OpenBCI huko Brooklyn, New York, kwa fedha zilizochangwa na umma kati ya mwisho wa 2013 na mwanzo wa 2014. Baadaye ikaja PiEEG, bodi inayopachikwa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nayo pia ikitegemea chipu ile ile.

Ugumu wa vifaa hivi hauko kwenye mchoro. Ishara za ubongo zinapofika kwenye ngozi ya kichwa huwa na ukubwa wa mikrovolti 10 hadi 100, ilhali waya wa stima uliopita ukutani una volti 240 zinazopwita mara 50 kwa sekunde, mamilioni ya mara zaidi ya kile tunachokitafuta. Elektrodi, yaani kipande kinachogusa ngozi ya kichwa ili kunasa ishara, ikilegea kidogo, mgonjwa akikaza taya, akipepesa macho au akitokwa na jasho, kinachochorwa kwenye skrini si ubongo tena. Fundi mzoefu huanza kwa kumwambia mtu afumbe macho, na kama mawimbi ya alfa, yale ya hezi 8 hadi 13, hayajitokezi upande wa kisogoni, hurudi kukagua elektrodi kabla ya kuendelea. Anayenakili mipangilio ya Marekani, ambako umeme wa gridi ni wa hezi 60, atachuja mahali pasipo na uchafu na kuuacha uchafu wetu wa hezi 50 upite. Kuna pia suala la usalama. Bodi hizi huendeshwa kwa betri kwa sababu maalumu: mtu aliyeunganishwa kwa elektrodi na kompyuta ambayo nayo imechomekwa kwenye chaja ya bei rahisi hana kinga yoyote iwapo chaja hiyo itaharibika. Vifaa vya hospitali hupimwa kwa viwango vya kimataifa vya usalama, IEC 60601, ili hatari hiyo izuiwe, na bodi ya mezani haijapitia vipimo hivyo. Wenyewe wanaoziuza husema wazi kwamba si za kutambulia magonjwa.

Je, tunazihitaji kwa nini basi? Jibu la haraka linalotolewa ni kifafa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 wanaishi na ugonjwa huo, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Ila hapa sharti tuwe wakweli. Kifafa kwa kiasi kikubwa hutambuliwa kwa maelezo: jinsi mgonjwa alivyoanguka, alivyotetemeka, aliyekuwapo aliona nini. Dawa za kawaida, kwa hesabu za shirika hilo hilo, zinaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 kwa mwaka. Mama wa Kwale anayempeleka mwanawe kwa mganga huku zahanati ikiwa haina dawa ya kifafa ya fenobabitali hatasaidiwa na bodi yenye njia nane. Anayeomba fedha za umma kwa kudai kwamba maunzi huria yataziba pengo la matibabu ya kifafa anaahidi kisichokuwa chake kuahidi.

Mahali pake ni kwenye utafiti, na huko sababu zipo tena nzito. Watafiti wa Kilifi, katika miaka ya 1990, walitumia kipimo cha EEG, yaani kurekodi mawimbi ya ubongo kwa elektrodi za kichwani, kwa watoto waliozimia kwa malaria ya ubongo wakagundua kwamba baadhi yao walikuwa na degedege isiyoonekana kwa macho. Mwili umetulia, kumbe ubongo unaungua. Hakuna muuguzi, hata awe makini kiasi gani, ambaye angelijua hilo kwa kumtazama mtoto kitandani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2013 kutoka Kilifi, Ifakara (Tanzania), Iganga na Mayuge (Uganda), Agincourt (Afrika Kusini) na Kintampo (Ghana) ulihusisha kifafa katika maeneo hayo na matatizo ya wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na vimelea, akiwamo tegu wa nguruwe. Maswali yanayofuata kutokana na matokeo kama hayo ni ya kurekodi watoto wengi, kwa muda mrefu, mahali pengi: ni mtoto yupi aliyechelewa kulia alipozaliwa ambaye ubongo wake unaonyesha dalili siku ya pili, na ni yupi atakayepata kifafa akiwa na miaka mitatu? Kwa watoto wachanga, ufuatiliaji wa aina hiyo hufanyika hata kwa njia moja au mbili za kurekodi. Mashine ya hospitali inayogharimu maelfu mengi ya dola haiwezi kuachwa wiki nzima katika wodi ya wachanga ya kaunti kwa ajili ya swali la mtafiti. Bodi ya bei nafuu inaweza, mradi tujue inakosea kwa kiasi gani.

Kujua inakosea kwa kiasi gani ndiko tunakokuruka. Mfano bora ninaoufahamu unatoka Bhutan, ambako watafiti walilinganisha mfumo wa EEG unaotumia simu, wenye programu huria iliyotokana na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, na mashine ya kawaida ya hospitali, kwa watu 205. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2017. Pale ambapo mashine ya kawaida iliona dalili za kifafa, mfumo wa simu uliziona kwa takriban asilimia 39 tu. Pale ambapo mashine ya kawaida haikuona kitu, mfumo wa simu ulikubaliana nayo kwa takriban asilimia 95. Kwa maneno mengine, kifaa hicho kikisema dalili ipo, kuna sababu nzuri ya kukisikiliza. Kikisema haipo, hakijasema lolote.

Nimewasikia watu wakiitaja tarakimu ya kwanza kama ushahidi kwamba vifaa vya bei nafuu ni vya kuchezea. Mimi naisoma kinyume. Huo ni mojawapo ya michango yenye manufaa zaidi katika uwanja huu, kwa kuwa mtafiti anayepanga utafiti wake baada ya hapo anajua achague maswali gani: anaweza kukitumia kuwatafuta watu wa kupelekwa kwenye kipimo kamili, na hawezi kukitumia kuhesabu wangapi hawana kifafa. Bila tarakimu hizo angeandika ripoti safi yenye jedwali za kupendeza na hitimisho potovu. Kinachonisikitisha ni kwamba kwa kila kipimo cha ulinganisho cha namna hiyo, kuna maonyesho mengi ya kijana aliyevaa kofia ya waya akisogeza gari la kuchezea kwa fikra huku hadhira ikipiga makofi.

Sisemi kusogeza gari hakuna maana. Farwell na Donchin walionyesha mwaka wa 1988 kwamba mtu anaweza kuandika herufi kwa kutumia mwitikio wa ubongo uitwao P300, na kwa mgonjwa aliyepooza mwili mzima jambo hilo si mchezo hata kidogo. Vifaa vya kumsaidia aliyepatwa na kiharusi kuufanyisha mkono wake mazoezi vimeanza kupata idhini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani. Lakini maonyesho hufanikiwa kwa kumchagua mtu mmoja aliyezoea, katika chumba tulivu, kwa dakika tano. Utafiti wa ugonjwa hauna anasa ya kuchagua.

Na tukizungumzia kuchagua, tuzungumzie nywele, jambo ambalo michoro mingi huria imelipita kana kwamba vichwa vyote duniani ni vya namna moja. Elektrodi lazima iguse ngozi. Kofia nyingi zimebuniwa kwa nywele laini zinazojitenga zenyewe zikisukumwa na ncha ya plastiki. Ukiivisha kofia hiyo kwenye nywele nzito za kipilipili, nywele huisukuma elektrodi juu kama springi, ukinzani unapanda, na mawimbi yanajaa kelele. Mwenye dredi au mwenye rasta zilizosukwa kwa nyuzi bandia ndiye hasa hawezi kurekodiwa. Mtafiti ana njia mbili: amwombe mwanamke aliyekaa saa tano akisukwa, kwa pesa zake, afumue nywele zote kwa ajili ya kipimo cha dakika ishirini, au amwondoe kwenye utafiti. Wengi wa wanaoombwa kufumua hawarudi, na nani atawalaumu? Hivyo sampuli inajaa wanaume walionyoa, na hakuna sehemu ya ripoti inayoeleza kwamba wanawake hawakukataa sayansi, bali walikataa kupoteza nywele zao.

Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, alilishughulikia tatizo hili pamoja na wenzake. Katika kazi waliyoichapisha mwaka wa 2020, nywele husukwa mistari inayofuata ramani ya kimataifa ya kupanga elektrodi, ile iitwayo mfumo wa 10–20, kisha kibanio chenye elektrodi hujishika chini ya mistari miwili iliyo jirani na kuibana elektrodi dhidi ya ngozi. Nywele zilizokuwa kikwazo zinageuka kuwa ndizo zinazokishikilia kifaa. Ni ubunifu mzuri kwa sababu mbuni alikijua kichwa kabla ya kuijua sakiti.

Sasa fikiria jiografia yetu. Kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hadi Soko la Kenyatta ni mwendo mfupi wa miguu, na makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, hayako mbali. Katika soko hilo, mkabala na vibanda vya nyama choma, wasusi huwasuka wateja asubuhi hadi jioni, watatu wakimzunguka mteja mmoja, kila mmoja na upande wake, na mistari yao hutoka imenyooka na kulingana bila rula. Sijui mahali pengine duniani ambapo hospitali ya rufaa, taasisi ya utafiti na ujuzi huo vimekaribiana kiasi hicho. Timu ya utafiti wa ubongo jijini Nairobi ambayo haina msusi kwenye orodha yake ya mishahara inapuuza mtaalamu inayemhitaji zaidi. Na hapa ndipo maunzi huria yanapoonyesha faida yake halisi dhidi ya kofia ya kampuni iliyofungwa: kibanio kinaweza kupimwa kwenye mistari myembamba na minene, faili ikarekebishwa milimita mbili, kikachapishwa tena kesho yake katika karakana ya Chuo Kikuu cha Nairobi au kule Gearbox, karakana ya wabunifu jijini, bila kumwandikia mtu yeyote barua ya kuomba ruhusa.

Faida ya pili ni ya ukarabati, na ushahidi wake unatoka kwenye kisa cha kuhuzunisha. Kampuni ya Marekani iitwayo Second Sight ilipandikiza vifaa vya Argus II kwenye macho ya watu zaidi ya 350 duniani waliopoteza uwezo wa kuona. Kampuni ilipoishiwa na nguvu za kifedha na kuachana na bidhaa hiyo, watu hao walibaki na mitambo ndani ya miili yao bila mtu wa kuitengeneza wala kuisasisha. Jambo hilo liliripotiwa kwa kina na jarida la IEEE Spectrum mwaka wa 2022. Hapa Kenya hatuhitaji kufika kwenye upandikizaji ili tuyaone hayo: ingia katika stoo ya hospitali yoyote ya kaunti uone mashine za msaada zilizolala kwa kukosa kebo au nenosiri la fundi wa ng'ambo.

Uhuria huo nao una mpaka wake, na wanaoupigia debe hawautaji sana. Michoro ni huria, chipu si huria. ADS1299 hutengenezwa na kampuni moja, na ndugu zake wanaotumiwa katika Open Ephys, mfumo mwingine huria wa kurekodi ishara za ubongo, hutoka kwa kampuni nyingine moja, Intan. Wakati wa uhaba wa chipu duniani mwaka wa 2021 na 2022, mchoro wa bure haukumsaidia aliyekosa kipande hicho kimoja. Duka la barabara ya Luthuli litakupa vipinzani, kapasita, betri na waya wa kulehemu hata saa kumi na moja jioni, ila chipu hiyo itapitia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kama haina msamaha. Hilo halitubatilishii hoja. Linatufundisha tu kununua chipu kwa wingi na kuzihifadhi kama akiba ya taasisi, badala ya kila mwanafunzi kuagiza yake.

Kenya, kwa bahati nzuri, ina historia ya tiba huria iliyofanikiwa. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana katika mpango wa AMPATH, na KenyaEMR inayotumika katika kliniki nyingi za virusi vya ukimwi imejengwa juu yake. Mfumo huo ulidumu kwa kuwa kulikuwa na waandishi wa programu wanaolipwa mshahara kila mwezi, wakarekebisha hitilafu, wakawafundisha makarani, wakajibu simu. Msimbo wenyewe ungekuwa huria hata kama wasingekuwapo, na ungekufa ukiwa huria.

Kuhusu data, nitakuwa mfupi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka data ya afya katika kundi la data nyeti, lakini haiyataji mawimbi ya ubongo kwa jina. Chile ilirekebisha katiba yake mwaka wa 2021 ili kulinda shughuli za ubongo, na mwaka wa 2023 Mahakama yake ya Juu iliiamuru kampuni ya Emotiv ifute data ya ubongo ya aliyekuwa seneta, Guido Girardi. Sisi tulikuwa na somo letu mwaka huo huo, Wakenya walipopanga foleni KICC kupigwa picha za mboni na Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za kidijitali. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe, ila uamuzi ulikuja Mei 2025. Kifaa huria kinaweza kuhifadhi data kwenye kadi iliyo mfukoni mwa mtafiti badala ya seva ya ng'ambo, na hiyo ni nafuu kubwa, mradi mtafiti asiipakie mwenyewe kwa uvivu.

Ningependa kuona Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ikitoa fedha kwa jambo moja mahususi: ulinganisho wa bodi huria mbili au tatu na mashine ya hospitali, kwa wagonjwa wale wale, kwa wakati ule ule, katika hospitali ya rufaa ya Nairobi, ikiwa na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Bodi ya Dawa na Sumu ikishirikishwa tangu mwanzo badala ya kupelekewa kifaa kikiwa tayari. Mipangilio ya nywele iandikwe kwa kila mshiriki, na asiachwe mtu kwa sababu ya alivyosukwa. Ajira mbili za kudumu zitangazwe pamoja na utafiti huo, moja ya fundi wa vifaa vya hospitali na nyingine ya mtaalamu wa kurekodi EEG, kwa mkataba usiokwisha siku mfadhili anapofunga faili. Marekebisho ya kibanio na sakiti yatolewe kwa leseni kama ile ya 2020 ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, inayomlazimu anayeyaboresha na kuyasambaza ayaachie wengine pia. Na jedwali la makosa, yaani bodi ipi ilikosa nini, kwa kichwa cha nani na katika wodi ipi, lichapishwe lote, hata kama tarakimu zitatoka mbaya kuliko zile za Bhutan, ili mtafiti wa Lodwar au wa Homa Bay anayetaka kuagiza bodi kumi ajue kabla ya kulipa ni maswali gani anaweza kuyauliza kwazo.